Kati ya Ndege na Mlango wa Nyumba



Wapendwa waamini, wiki hii ofisi ya parokia imepokea maswali mengi ya treni kuliko ya ndoa na ubatizo. Kundi letu la watu kumi na wawili watakaokwenda Roma na Assisi mwezi Oktoba limekwisha kulipa sehemu kubwa ya michango yake, na sasa limefika katika jambo ambalo kila kundi hulifikia likiwa limechoka: nani atatupokea, tutapanda nini, na tutafikaje kutoka uwanja wa ndege hadi mahali pa kulala. Mwaka 2026 unatimiza miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko alipofariki, jioni ya Oktoba 3, 1226, na hiyo ndiyo sababu ya safari yenyewe. Lakini leo sitaandika juu ya Mtakatifu Fransisko. Nataka tuzungumze juu ya teksi.

Mtaniuliza, Padre, teksi zina nini hata zistahili tafakari ya juma? Zina jambo, nami nitalisema wazi kwa kuwa katika parokia hakuna siri. Katika kikao cha kamati ya safari lilitolewa pendekezo, kwa adabu na kwa nia njema, kwamba mmoja wa mama zetu, bibi wa miaka 71 mwenye maumivu ya magoti, aombwe kurudishiwa fedha zake na kungoja safari nyingine. Hakuna aliyesema hatakiwi. Walisema tu kwamba hatuwezi kukimbilia treni pamoja naye, wala hatuwezi kumudu teksi za Ulaya. Bibi huyu amekuwa akileta mchango wake kidogo kidogo tangu mwaka 2023, fedha za vitumbua, zikiwa zimefungwa katika fundo la kitenge. Habari ikamfikia kabla kikao hakijafungwa. Alikuja ofisini, akakaa, akasema neno moja: "Baba, mimi nimelipa kama wenzangu." Kisha akauliza habari za kikohozi changu na kuondoka.

Niliiomba kamati inipe juma moja. Nikachukua karatasi na kalamu, nikafanya hesabu za kila hatua ambayo miguu yetu itakanyaga kuanzia mlango wa ndege hadi mlango wa nyumba. Hesabu hizo ndizo ninazowashirikisha leo, kwani najua wapo wengine kati yenu mnaojiandaa kwenda kuwasalimu watoto wenu ughaibuni, na maswali yenu ni yaleyale.

Kwanza niseme mahali ambapo safari huvunjika. Sisi hufikiri hatari iko angani, ndiyo maana tunaombeana sana siku ya kuruka. Lakini ndani ya ndege msafiri hana kazi ya kufanya. Ameketi, analishwa, anaambiwa afunge mkanda. Shida huanza pale chombo kimoja kinapomwachia kingine: ndege kwa treni, treni kwa basi, basi kwa miguu. Hapo ndipo mtu huachwa peke yake na masanduku mawili katika lugha asiyoijua. Mwaka 2016 nilikuwa na mahujaji kumi na wanne katika uwanja wa ndege wa Fiumicino. Wakala wetu, ambaye sitamtaja, alikuwa amelipwa fedha yote ya gari la kutupokea. Gari halikuja. Simu iliyoandikwa katika karatasi zetu ilikuwa ya ofisi iliyofungwa hadi Jumatatu. Tulikaa saa nne kwenye viti vya chuma, tukisali rozari, na nakiri kwamba baada ya fumbo la tatu baadhi yetu tulikuwa tukimtazama kila mtu aliyeshika kibao kana kwamba ndiye mkombozi.

Basi, tuje kwenye hesabu. Fiumicino iko umbali wa kama kilometa 30 kutoka katikati ya Roma. Ipo treni iitwayo Leonardo Express iendayo moja kwa moja hadi stesheni kuu ya Termini kwa dakika 32, bila kusimama popote, nayo nauli yake ni euro 14 kwa mtu. Ipo treni nyingine ya kawaida, FL1, ya euro 8, lakini hiyo haifiki Termini. Hupita Trastevere, Ostiense na Tiburtina, nayo humfaa mtu aendaye pande hizo. Halafu ipo teksi. Teksi nyeupe za manispaa ya Roma zina bei maalumu kutoka uwanja huo hadi mahali popote ndani ya kuta za kale za Kaisari Aureliano: euro 55. Na hapa naomba tusome polepole. Bei hiyo ni ya gari, pamoja na mizigo. Si ya mtu mmoja mmoja.

Watu kumi na wawili wakipanda Leonardo Express watalipa euro 168. Bibi akipanda teksi na wenzake wawili, mmoja wao yule muuguzi wetu, hao watatu watalipa 55, na tisa waliobaki watalipa 126 kwenye treni. Jumla ni 181. Tofauti ni euro 13, yaani euro moja na senti nane kwa kila msafiri. Hicho ndicho kiasi ambacho magoti ya bibi yalikuwa yakilitia hofu kundi zima. Niliiweka karatasi hiyo mezani pa kamati bila kuongeza neno, na mhasibu wetu, ambaye ni mtu mwaminifu, aliirudia hesabu mara mbili kwa kikokotoo chake, kisha akavua miwani.

Wapo waliouliza kwa nini tusichukue teksi sote. Wanne na masanduku yao makubwa hawaenei vizuri katika gari la kawaida, hivyo tungehitaji magari manne, euro 220. Si dhambi, lakini si lazima pia, vijana watembee. Wakala mmoja alituletea bei ya basi dogo kwa euro 45 kila mtu, yaani 540 kwa kundi. Mimi sikatazi mabasi ya kukodi. Kwa kundi la watu thelathini wenye wazee wengi ndiyo njia ya busara. Ila muulizeni mtoa huduma maswali haya kabla ya kutoa hata senti: bei ni ya gari au ya mtu? Ndege ikichelewa dereva atangoja muda gani, na kungoja huko kunalipiwa? Namba ya simu ya dereva mwenyewe ni ipi, si ya ofisi? Na fedha italipwa yote kabla, au sehemu yake tukisha kufika? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuwajibu.

Katika Kitabu cha Tobiti, mzee Tobiti alipomtafutia mwanawe mwenzi wa safari hakusema tu "Mungu atajua." Alitaka kujua kama kijana yule anaweza kumwongoza mwanawe katika njia ya kwenda Umedi, akamuuliza jamaa yake, akapatana naye ujira wa drakma moja kwa siku na gharama za njiani, na ndipo akawabariki. Wala hakujua kwamba anapatana bei na malaika. Nawatajia jambo hili kwa sababu wapo wanaoona kwamba kuuliza bei na saa katika safari ya hija ni upungufu wa imani.

Nyumba ya kulala nayo huchaguliwa kwa jicho la usafiri. Wengi walitaka tulale jirani na Vatikani. Ni tamaa njema, ila mitaa mingi inayoizunguka Vatikani iko nje ya zile kuta za Aureliano, hivyo bei maalumu haiwi haki ya abiria kule, na mita hufanya kazi yake. Tumechagua nyumba ya watawa upande wa Esquilino, ndani ya kuta, mwendo mfupi kutoka Termini, jirani na Basilika la Mtakatifu Maria Mkuu alikozikwa Papa Fransisko Aprili 26, 2025. Wanaoshuka kwenye treni wataifikia kwa miguu, na teksi itamshusha bibi mlangoni. Lakini nyumba nyingi za watawa hufunga mlango usiku, mara nyingi saa tano, na Sista mlinda mlango akishalala amelala. Kwa sababu hiyo tumekataa ndege iliyokuwa nafuu kidogo ila inafika saa nne usiku. Unafuu wa namna hiyo ungetulaza barabarani.

Tena msifikiri kwamba ndege ikigusa ardhi ndipo saa yenu ya kuondoka uwanjani. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo mpya mpakani unaomsajili kila mgeni kwa kompyuta badala ya kugonga muhuri, pamoja na picha ya uso na alama za vidole, na foleni zinaweza kuwa ndefu. Ongezeni kungoja mizigo. Mimi nimeweka saa mbili kamili kati ya kutua na kutoka nje ya mlango, na tukizipata dakika za ziada tutakunywa kahawa.

Nirudi kwa bibi, kwa maana teksi haimsaidii mtu ambaye ameshaishiwa nguvu kabla ya kuifikia. Korido za viwanja vikubwa ni ndefu kuliko njia ya kutoka kanisani kwetu hadi sokoni. Ipo kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 1107 ya mwaka 2006, inayomhakikishia abiria mwenye shida ya kutembea msaada bila malipo katika viwanja vya ndege vya nchi hizo, naye anatakiwa kulitaarifu shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya kuruka. Nasi tumeshaomba msaada huohuo tangu Dar es Salaam na mahali tutakapobadilisha ndege. Kijana wa uwanjani humsukuma kwenye kiti cha magurudumu, humpitisha kwa afisa wa mpaka, humngojea mzigo wake na kumfikisha kwenye teksi.

Hapa nilipata upinzani nisioutegemea, nao ulitoka kwa bibi mwenyewe. Kiti cha magurudumu ni cha mgonjwa, alisema. Watu wakimwona katika picha watasema alipelekwa Ulaya kutibiwa. Nimeisikia aibu hiyo kwa wazee wengi. Watu hawa wamebeba maji kichwani na watoto mgongoni miaka hamsini, na leo kubebwa kidogo wanaona ni fedheha. Sikumwekea shinikizo. Mjukuu wake ndiye aliyemwambia kwamba kile ni kiti cha umbali, si cha ugonjwa. Na kwamba hakuna atakayempiga picha mpaka asimame.

Siku ya Assisi itakuwa siku ya treni kwa wote. Kutoka Roma ni takriban saa mbili kwa treni ya moja kwa moja, au zaidi kidogo kwa zile ambazo abiria hubadilisha Foligno. Sisi tumechagua ya moja kwa moja hata kama inatulazimu kuamka mapema. Wengi wetu tumeizoea treni ya SGR tangu mwaka 2024, na tusidhani kwamba ya Italia ni hivyohivyo. Reli ya kuondokea haijulikani mapema sana. Huonekana kwenye ubao muda mfupi kabla, na kundi lote hugeuka kwa pamoja kama ndege wa mtamani. Pale Termini baadhi ya treni za upande wa Umbria huondokea reli ziitwazo 1 Est na 2 Est, ambazo ziko mwendo mrefu kutoka ukumbi mkuu. Mwenye magoti mabovu asiliongojee tangazo akiwa mlangoni mwa stesheni. Shirika la reli lina ofisi ya kuwasaidia abiria wa namna hiyo, iitwayo Sala Blu, isiyotoza kitu, ila huombwa mapema. Tutaomba siku mbili kabla. Na mwenye tiketi ya karatasi ya treni ya mikoani aigonge muhuri katika mashine iliyopo ukumbini au karibu na reli kabla ya kupanda, la sivyo atatozwa faini akiwa na tiketi yake mkononi.

Jambo moja zuri juu ya Assisi ni kwamba stesheni yake haiko mjini. Iko chini bondeni, Santa Maria degli Angeli, na mji wenyewe uko juu kilimani kilometa kama nne au tano. Wengi hulalamika juu ya hilo. Lakini bondeni hapo ndipo lilipo basilika lililojengwa juu ya Porziuncola, kale kakanisa kadogo ambako Fransisko alifia kando yake. Basi sisi tutaanza chini, bila haraka, ndipo tupande juu: wengi kwa basi la mjini, bibi na wenzake kwa teksi. Mizigo yote itabaki Roma. Na hatuendi Oktoba 3 wala 4. Italia imeirudisha Oktoba 4 kuwa sikukuu ya kitaifa kuanzia mwaka 2026, nayo mwaka huu inaangukia Dominika, na watu watakuwa wengi mno. Tutakwenda katikati ya mwezi, na tutakuwa tumerudi nyumbani kabla ya Dominika ya Oktoba 25, ambayo saa za Ulaya zitarudishwa nyuma saa moja.

Juu ya saa ninalo neno la pekee, kwa kuwa ni mtego wetu sisi Waswahili. Ratiba za kule huandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Treni ya 07:10 ni ya saa moja na dakika kumi asubuhi, wala si ya saa saba. Ile ya saa saba na dakika kumi mchana huandikwa 13:10. Nimewaona wasomi wakikosea. Zaidi ya hayo, katikati ya Oktoba Roma iko nyuma yetu kwa saa moja. Katika ratiba yetu kila safari imeandikwa mara mbili, kwa tarakimu zao na kwa saa zetu, katika herufi kubwa, na kila mtu atavaa shingoni kadi yenye jina la nyumba, mtaa wake kwa Kiitaliano, na namba mbili za simu. Simu huisha chaji. Kadi haiishi.

Mwisho, migomo. Wafanyakazi wa reli wa Italia hugoma mara kwa mara, na wana upendo wa pekee kwa Ijumaa. Lakini hawagomi kwa kuvizia: sheria yao inataka taarifa itolewe angalau siku kumi kabla, na hata siku ya mgomo, ikiwa ni siku ya kazi, treni za mikoani zilizoainishwa hutembea kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Kwa hiyo Assisi tumeiweka siku ya Jumatano, na siku ya Alhamisi tumeiacha wazi iwe akiba. Mmoja wa wajumbe alisikitika kwamba siku nzima itakaa bila kitu. Nilimjibu kwamba siku isiyo na kitu ndiyo itakayozibeba nyingine sita.

Kamati ilikutana tena jana na kuipitisha ratiba bila kura. Wasafiri wote wanaombwa kufika ukumbini Dominika hii baada ya Misa ya pili, kila mmoja na nakala ya pasipoti yake. Bibi amekubali kiti cha magurudumu, kwa masharti. Kwenye teksi, hata hivyo, ameomba akae nyuma: ameambiwa kwamba kule hupita upande wa kulia, na anayekaa mbele huketi pale ambapo kwetu huketi dereva, naye hataki kukaa mahali pa dereva bila usukani.

Nawatakia Dominika njema.

Padre wenu